Karai, Sururu na Herufi A: Ushauri wa Kuunda Fonti kwa Vifaa vya Kila Siku

Fonti ni seti kamili ya herufi, tarakimu na alama za uandishi zilizochorwa kwa mtindo mmoja na kuhifadhiwa katika faili ambalo kompyuta au simu hulisoma kila mtu anapoandika. Fonti ya majaribio ni ile ambayo mbunifu wake ameacha kwa makusudi kalamu, brashi na maumbo yaliyozoeleka, akatafuta chanzo kingine cha umbo ili aone herufi inaweza kusogezwa mbali kiasi gani na mazoea kabla msomaji hajashindwa kuitambua. Chanzo hicho kinapokuwa kifaa cha kila siku, kazi huonekana nyepesi, na wepesi huo ndio mtego wa kwanza: mtu hupiga picha jembe linalofanana na L na rimu ya baiskeli inayofanana na O, huzilazimisha herufi zilizosalia kwa chochote kilicho karibu, na mwishowe hujikuta na albamu ya picha zisizojuana. Albamu hiyo inaweza kupendeza ukutani, lakini haiandiki, kwa kuwa neno huhitaji herufi zilizolelewa nyumba moja. Kwa sababu hiyo, ushauri unaotolewa hapa unasimama juu ya hoja moja, kwamba kifaa kisiwe pambo la herufi bali kiwe sheria yake, yaani kiamue unene wa mstari, mviringo, pembe na hata kasoro, na herufi zote zikitii, zikiwemo zile ambazo kifaa chenyewe hakizipendi.

Ukanda unaotoka Shinyanga na Kahama kuelekea Geita, nchini Tanzania, unamfaa sana mbunifu wa aina hii, kwa sababu kazi mbili kubwa za watu wake zimeacha vifaa vya maumbo yanayotofautiana waziwazi. Upande wa kilimo na mifugo kuna jembe la mkono, plau na nira ya ng'ombe, mundu, kinu na mchi, ungo na kibuyu. Upande wa uchimbaji kuna sururu, nyundo, tindo, karai, ndoo na kamba, pamoja na magogo yanayozuia kuta za duara zisiporomoke, duara likiwa ni shimo la kuchimbia kwa lugha ya wachimbaji wadogo, na karasha, mashine ya kusagia mawe yenye dhahabu. Chuma si mgeni katika nchi hii: kabla majembe ya viwandani hayajaenea, Warongo wa upande wa Geita walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Migodi ilikuja baadaye, wa Mwadui ukianza mwaka 1940 chini ya John Williamson, na mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ukianza kuzalisha mwaka 2000. Jambo linalomhusu mbunifu katika historia hii ni kwamba umbo la kifaa kilichotumiwa kwa vizazi limekwisha kuchujwa na mikono mingi, kwa hiyo halihitaji kurembwa tena, bali linahitaji kusomwa.

Kabla ya kusoma kifaa, hata hivyo, inafaa kusoma lugha, na hapo ndipo wabunifu wengi hutanguliza mkokoteni mbele ya ng'ombe kwa kuanza na A, kisha B, kisha C, kana kwamba herufi zote zina mzigo sawa. Kiswahili hutumia herufi 24 za alfabeti ya Kirumi, kwani Q na X hazimo na C haitembei bila H. Kati ya hizo, A ndiyo inayojitokeza kuliko zote: nusu ya herufi za jina Kahama ni A, na katika maneno "wachimbaji wadogo" A ni tatu kati ya herufi 16. K na W, ambazo katika Kilatini na lugha zilizotokana nacho zilikuwa wageni wa pembeni, katika Kiswahili ni wenyeji wa sebuleni, kwa kuwa hubeba viambishi vya ngeli, vya nafsi na vya nyakati. Herufi za risasi zilizotumiwa na mitambo ya kwanza ya uchapaji ya wamisionari katika Afrika Mashariki zilibuniwa kwa lugha za Ulaya, na kasha la herufi lililopangwa kwa Kiingereza huwa na E nyingi kuliko A. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilichochapwa kimevaa tangu mwanzo nguo iliyokatwa kwa mwili wa mwingine, na fonti ya majaribio ni nafasi adimu ya kupima upya.

Jozi inayostahili kupimwa mapema kuliko zote ni MW. Katika herufi kubwa za kawaida, M ina mistari minne na W ina minne, kwa hiyo Mwadui, Mwanza, mwalimu na mwanafunzi huanza na mistari minane inayopanda na kushuka mfululizo kama meno ya msumeno, na A inayofuata huongeza mteremko mwingine. Mbunifu wa Kiingereza hana sababu kubwa ya kuiogopa jozi hiyo, ilhali wa Kiswahili hukutana nayo karibu kila mstari. Dawa yake ni kuzitenganisha herufi hizo kitabia: M isimame wima kama mlango wenye nguzo mbili, na W iwe na mapaja ya mviringo au kilele cha kati kifupi, ili jicho lipate pa kupumzika kabla ya kufika kwenye A.

Zipo pia alama ambazo haziimbwi shuleni pamoja na alfabeti. Ritifaa ya ng', yaani ile alama ndogo ya juu inayotenganisha "ng'oa" na "ngoa", ni sehemu ya tahajia na si urembo, na katika ukanda huu umuhimu wake ni mkubwa zaidi kwa sababu majina ya Kisukuma yamejaa ng'w, na baadhi ng'h. Kisukuma chenyewe kina irabu saba, ilhali maandishi yake ya kawaida hutumia herufi tano zilezile za Kiswahili, jambo linalompa mbunifu mwenye ujasiri kazi ya ziada ya kubuni maumbo mawili yatakayowakilisha irabu zisizo na herufi zake, mradi ayataje wazi kuwa ni pendekezo. Halafu kuna bei: kibao cha duka bila "5,000/=" si kibao, kwa hiyo mkwaju, mkato na alama ya usawa zichorwe pamoja na tarakimu, wala zisiazimwe kutoka fonti nyingine siku ya mwisho.

Baada ya hapo ndipo kifaa huchaguliwa, na ushauri wa msingi ni kuchagua kimoja, au viwili vinavyofanya kazi pamoja katika maisha halisi. Karai na sururu hukutana kila siku kwenye kifusi, kwa hiyo hukubali kukutana kwenye herufi. Sururu na kijiko cha chai havina la kuambiana. Uteuzi huu mkali una wazee wake. Josef Albers, aliyefundisha katika shule ya Bauhaus nchini Ujerumani, alitengeneza katika miaka ya 1920 mfumo wa herufi uliojengwa kwa mraba, robo duara na duara peke yake, na akaonyesha kwamba vipande vichache vinavyorudiwa huleta undugu ambao vipande vingi haviwezi kuuleta. Vipande vya namna hiyo huitwa moduli, yaani sehemu ndogo isiyobadilika ambayo kila herufi hujengwa kwayo. Karai na sururu ni moduli zilizokwisha kuokwa na maisha.

Sururu ikilazwa chini na kutazamwa kwa makini, huonekana kuwa na vitu vitatu tu. Kuna mpini ulionyooka, mnene kidogo upande wa kichwa. Kuna kichwa cha chuma kilichopinda kidogo sana kama upinde uliolegea. Na kuna ncha mbili zisizofanana, moja kali kama mwiba na nyingine bapa kama tindo. Ncha hizo mbili ndizo zawadi kubwa, kwa sababu humpa mbunifu kanuni ambayo hakuibuni: kila mstari wa herufi uanze na ncha bapa na uishie na ncha kali. Kanuni hiyo ikishikwa, T hupata kofia iliyopinda yenye upande mmoja mzito, K hupata mikono inayotoka kwenye nguzo kwa uzito na kwisha kwa ukali, na L huwa na mguu unaoonekana kama unachimba. Herufi S, ambayo haina rafiki miongoni mwa vifaa vilivyonyooka, hupatikana kwa vichwa viwili vya sururu vilivyogeuziana migongo, na ingawa matokeo yake ni magumu kidogo kwa jicho, ni afadhali S ngumu inayotii sheria kuliko S laini iliyoletwa kutoka nje.

Karai huingia pale mviringo unapohitajika. Likitazamwa kutoka juu ni duara lenye ukingo uliokunjwa, na ukunjo huo ndio unaotoa unene wa mstari. Likitazamwa kutoka ubavuni ni bakuli fupi, pana juu na jembamba chini. O, G na C hutoka kwenye mtazamo wa kwanza, U hutoka kwenye wa pili, na B, D, P na R hupata matumbo yao kwa kulikata karai katikati na kulibandika kwenye mpini. Hapa kuna hatari ya kiufundi inayohitaji uangalifu: ukingo wa karai ni mwembamba kuliko mpini wa sururu, hivyo katika neno kama DHAHABU nguzo zitakuwa nyeusi na matumbo yatafifia. Mbunifu ana njia mbili, ama kuukuza ukingo hadi ulingane na mpini, ama kuuacha mpini ukiwa na mwanga katikati kwa kuchora kingo zake mbili tu. Njia ya pili ni ndefu lakini huheshimu kifaa, kwa kuwa haidanganyi kuhusu unene wa bati.

Suala la A linahitaji uamuzi wa peke yake. Mipini miwili inayokutana kileleni na mstari wa kati hufanya herufi nyeusi, na kwa kuwa A hurudi mara nyingi, ukurasa wa Kiswahili ulioandikwa hivyo huwa na madoa kama ngozi ya chui. Kuondoa mstari wa kati ni dawa inayostahili kujaribiwa: A hubaki paa lisilo na boriti, msomaji huitambua kwa mazingira ya neno, na ukurasa hupumua. Wapo watakaosema kwamba A isiyo na mstari ni V iliyopinduliwa, na ni kweli; lakini V katika Kiswahili huja kwa nadra zaidi na husimama kichwa chini, hivyo hatari ya kuchanganya ni ndogo kuliko faida ya mwanga.

Njia nyingine, nafuu zaidi kwa mwanafunzi asiye na kamera nzuri, ni ubao wa bao, mchezo ambao jamii yake katika Usukuma huitwa isolo. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64, na likisimamishwa wima huwa gridi ya safu wima nne na ngazi nane, gridi ikiwa ni mpangilio wa visanduku vinavyojazwa au kuachwa wazi ili kuunda umbo. Kete zikiwekwa katika mashimo huandika herufi, na kwa kuwa 64 ni mara mbili ya 32, herufi yoyote inaweza kupewa kete mbili kwa kila shimo, jambo linalotoa uzito wa pili wa fonti bila kubadilisha chochote. Hesabu hiyo inapendeza mno, lakini ubao una ukaidi wake. Safu nne hazina safu ya katikati, na herufi zinazotegemea nguzo ya kati, yaani T, I na Y, hukosa mahali pa kusimama. Ikitumiwa nguzo ya mashimo mawili, T huwa nene mara mbili kuliko L. Nguzo ikisogezwa kando, T huonekana inaanguka. Ushauri ni kuzitumia safu tatu kwa herufi na kuiacha ya nne iwe nafasi kati ya herufi na herufi, ingawa N hupata taabu katika ufinyu huo na huenda ikaruhusiwa kuvuka mpaka.

Ubao huohuo hufundisha somo la utofautishaji kwa namna ambayo kitabu hakiwezi. H na M katika safu tatu zote ni nguzo mbili zilizounganishwa, na kinachozitenganisha ni ngazi ambayo kiungo kimewekwa: kikiwa ngazi ya pili kutoka juu ni M, kikiwa katikati ni H. Kete moja ikiteleza shimo moja au mawili, "mama" huelekea kuwa "haha". Mwanafunzi aliyeiona hali hiyo kwa macho yake huelewa kwa nini wabunifu wa fonti hupigania sehemu ndogo za milimita, na huacha kuudhika anapoambiwa arudie.

Hatua ya kunasa umbo inahitaji nidhamu kuliko vifaa. Kwa picha, simu ya kawaida inatosha ikiwa imefungwa juu ya kigoda au fremu, umbali usiobadilika, ikitazama chini moja kwa moja juu ya shuka jeupe, na rula ikiwa pembeni katika kila picha ili ukubwa uweze kulinganishwa baadaye. Jua la mchana la Shinyanga ni adui kwa kazi hii, kwa sababu hutupa kivuli kikali ambacho kompyuta hukihesabu kuwa sehemu ya kifaa. Mwanga wa asubuhi, au kivuli cha mwembe, hutoa ukingo safi. Aidha, kila kifaa kipigwe kikiwa kimefutwa vumbi lakini hakijanolewa, kwani mikwaruzo na mabonyeo ni kumbukumbu ya kazi, na fonti isiyo nayo ingeweza kuchorwa na mtu asiyewahi kuona sururu.

Kupiga chapa moja kwa moja ni njia ya zamani zaidi na mara nyingi hutoa matokeo yenye uhai kuliko picha. Kifaa hupakwa rangi nyepesi kwa sponji na kukandamizwa kwenye karatasi, au karatasi huwekwa juu ya kifaa na kusuguliwa kwa mkaa au penseli laini hadi sura yake ijitokeze. H. N. Werkman, mpiga chapa wa mji wa Groningen nchini Uholanzi, alifanya hivyo miaka ya 1920 katika jarida lake dogo, The Next Call, akichapa vitu vya karakana pamoja na herufi za kawaida, kikiwemo kibati cha kitasa cha mlango. Vizibo vya soda, kichwa cha msumari, kipande cha cheni ya baiskeli na ukingo wa kopo hukubali vizuri njia hii, wakati sururu, kwa kupinda kwake, hugusa karatasi mahali pawili tu na kuacha pengo. Dengu, choroko na mbegu za pamba zinaweza kupangwa zikafanya herufi, na ni nzuri kwa bango moja, ila kama fonti hazipendekezwi, kwa sababu punje zikipunguzwa hadi ukubwa wa maandishi hugeuka ukungu.

Onyo moja halina mzaha. Vifaa vinavyotoka mialoni, mahali ambapo mchanga wa dhahabu huoshwa na kuchenjuliwa, vinaweza kuwa vimegusa zebaki, metali ya majimaji inayotumiwa kunasa dhahabu na ambayo mvuke wake hudhuru ubongo na figo. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kupunguza matumizi yake. Beseni au kitambaa kilichotumika kwa kazi hiyo kisipelekwe nyumbani wala darasani, hata kikiwa na umbo la kuvutia, na hakuna herufi inayostahili kufuatwa ndani ya duara la mtu. Karai jipya la dukani au la ujenzi lina umbo lilelile.

Katika kompyuta, picha hugeuzwa kuwa mchoro wa mistari kwa programu ya bure ya Inkscape, kisha mchoro huhamishiwa FontForge, programu nyingine ya bure inayounda faili la fonti. Ugeuzaji wa moja kwa moja huleta balaa la vidokezo, yaani alama ndogo zinazoshikilia mstari mahali pake, na ukingo mmoja wa sururu iliyochakaa unaweza kuzalisha mamia. Vidokezo hivyo vipunguzwe kwa mkono hadi vibaki vile tu vinavyobeba umbo, na katika kupunguza huko ndipo mbunifu huamua bonyeo lipi ni tabia ya kifaa na lipi ni vumbi la picha. Herufi huchorwa katika sanduku ambalo kwa kawaida lina vipimo 1,000 kwa kimo, zikisimama juu ya mstari wa msingi, yaani mstari usioonekana ambao herufi zote hukanyaga. Herufi za mviringo kama O zivuke mstari huo kidogo kwa chini, na kimo cha nguzo kidogo kwa juu, kwani duara linaloishia sawasawa na nguzo huonekana fupi kwa jicho hata kama rula inasema vingine. Kwa fonti ya kwanza, herufi kubwa zinatosha. Maandishi ya kanga yamezoeza macho ya Waswahili kusoma sentensi nzima kwa herufi kubwa.

Nafasi kati ya herufi huchukua muda mrefu kuliko herufi zenyewe, na mbunifu asiyejua hilo hukata tamaa akidhani ameharibu michoro. Kila herufi hupewa nafasi ya kushoto na ya kulia, kisha jozi zinazokataa kukaa pamoja husogezwa moja moja. Kwa Kiswahili jozi za kuanzia ni KA, WA, YA, TA na VY, pamoja na MW iliyokwisha kutajwa. Ritifaa ya ng' nayo ina makazi zaidi ya moja katika mfumo wa Yunikodi, ambao ni orodha ya kimataifa inayoipa kila alama namba yake: kibodi ya simu mara nyingi hutoa U+0027, programu za kuandikia huibadilisha kuwa U+2019, na wataalamu wa lugha hupendelea U+02BC kwa kuwa kompyuta huihesabu kuwa herufi na hivyo hailivunji neno. Umbo moja lichorwe na kuwekwa katika namba zote tatu, vinginevyo "ng'ombe" atatokea na shimo au sanduku tupu shingoni. Kwa fonti ya sururu umbo hilo lipo tayari, nalo ni kabari, kile kipande kidogo kinachopigiliwa ili kichwa kisichomoke kwenye mpini.

Kujaribu fonti kwa kuandika alfabeti ni kujidanganya, kwa kuwa kila msomaji anajua kinachofuata baada ya B. Jaribio la haki huanza na majina: MWADUI, KAHAMA, SHINYANGA, BULYANHULU, NYARUGUSU. Kisha ifuate sentensi yenye herufi zote 24, mathalani "Mchimbaji fundi aliyezoea giza huvuta karai polepole na sawasawa", ambayo inakosa ng' na kwa hiyo iongezewe "ng'ombe wa ng'ambo". Karatasi ya jaribio ibandikwe ukutani na kusomwa kutoka umbali wa hatua kumi na mtu ambaye hajaambiwa kilichoandikwa, kwanza mchana na kisha magharibi, halafu ipigwe picha na kutumwa kwenye simu ndogo, kwa kuwa matangazo mengi siku hizi husomewa huko. Herufi inayokosewa na wasomaji watatu irudishwe mezani bila kubembelezwa. Fonti ikishafaulu, itumike kwa vichwa vya habari, majalada na mabango. Aya ndefu zilizoandikwa kwa sururu ni adhabu kwa msomaji, na mbunifu mwenyewe ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuwakatalia wateja.

Jaribio moja la ziada linapendekezwa kwa ukanda huu: kuikata fonti katika bati. Debe lililopasuliwa na kunyooshwa hukatwa herufi, likalazwa juu ya salfeti ya mpunga, yaani gunia la plastiki, na kupakwa rangi kwa sponji, kama maandishi ya mizigo yanavyofanywa. Herufi zenye tumbo lililofungwa hudondosha kipande cha ndani, ndiyo maana wakataji wa mabati huacha kidaraja chembamba kinachokishikilia. B huhitaji viwili, D, O, P na R kimoja kimoja, na A isiyo na mstari wa kati haihitaji chochote. Ufumaji wa salfeti hutafuna kingo, kwa hiyo ncha kali za sururu hupungua urefu, na fonti inayokusudiwa kwa magunia iongezewe urefu huo mapema.

Linabaki suala la umiliki. Umbo la sururu ni la wote, lakini michoro ni kazi ya sanaa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huzilinda kazi za sanaa pamoja na kugusia sanaa za jadi. Anayetaka fonti yake itumike bure anaweza kuitoa kwa leseni ya Open Font License iliyotungwa na SIL, ambayo huruhusu kila mtu kuitumia, kuirekebisha na kuigawa, ila si kuiuza peke yake. Vifaa vyenye hadhi ya kimila, kama ngoma za kitemi zinazohifadhiwa katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, havipaswi kugeuzwa herufi za matangazo bila kuwauliza wanaovitunza, na jibu lao likiwa hapana, mbunifu arudi kwenye karai. Mwenye sururu iliyopigwa picha naye aombwe ruhusa, aonyeshwe karatasi ya jaribio, na aulizwe ni herufi ipi aliyoitambua kwanza. Jibu lake liandikwe pembeni ya mchoro wa herufi hiyo kabla faili halijafungwa.